Besi Iliyovuja Kwenye Sauti ya Makereta

Shemeji yangu Vilimone nilimkuta amechoka, na miaka yote niliyoishi naye uani hapa Kinoya sijamwona amepumzika. Kutwa alikuwa anapakia mifuko ya saruji mjini Suva, mji mkuu wetu hapa Fiji. Anarudi kope nyeupe, anakula muhogo na samaki wa kopo bila kuuliza kama kuna chumvi, kisha anakaa mbele ya kompyuta yake kuukuu na kutafuta besi. Watu walimjua kwa hilo tu. Madereva wa mabasi walimletea nyimbo azinenepeshe, maana basi lisilotikisa madirisha abiria hawalitaki, wanasema linapeleka maiti. Besi ya Vilimone ilikuwa inakugonga kifuani kabla basi lenyewe halijakata kona. Shukrani yake ilikuwa bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, na "Vina'a, kaka, tutaonana."

Mimi nimemuoa dada yake, Makereta. Kwa hiyo mimi na Vilimone ni watani wa haki kabisa. Naweza kumwita nguruwe mbele ya mchungaji na wote wakacheka, mchungaji akiwemo. Lakini yeye na dada yake, hapana. Tangu walipopevuka hawasemeshani ana kwa ana, na likitajwa neno la mapenzi mmoja akiwepo, mwingine anatoka nje. Ndiyo heshima yetu, nami siilalamikii. Ninacholalamikia ni miguu yangu. Nyumba zetu zimeachana kwa ua mmoja na mpapai, na kila neno lao lilipita kwangu. "Mwambie kaka chakula tayari." "Mwambie dada nimeshiba." Jamani! Mtu mzima nimegeuzwa waya wa simu.

Basi Makereta akaota uvimbe shingoni. Hospitali wakamwambia lazima utolewe, wakampa Jumatatu. Daktari hakuficha kitu: mshipa wa sauti umepita hapo hapo, unaweza kusalimika, unaweza usisalimike. Makereta ndiye aliyekuwa akishika sauti ya chini ya kinamama kanisani, sauti nzito, yenye joto, ambayo hata wanaume waliokuwa nyuma yake walikuwa wanajiegemeza kwayo. Alirudi nyumbani akamenya majimbi mpaka sufuria ikajaa.

"Taito," akaniambia, "nataka kuimba wimbo mmoja kabla hawajanikata. Mwambie kaka anirekodi."

"Wimbo gani?"

"Ule wangu."

Ule wake ni wimbo alionitungia mimi tulipokuwa wachumba, na una maneno ya kumfanya kaka yeyote akimbie mpaka Nadi, upande wa pili wa kisiwa. Nikavuka ua kichwa chini.

"Wimbo wa kukusifu wewe?" Vilimone akauliza. "Una nini cha kusifiwa, shemeji? Hayo masikio?"

"Ndiyo aliyoyapenda. Wewe nani aliwahi kukutungia hata mstari?"

Akacheka, akakohoa saruji yake. "Mwambie aimbe. Nitamwekea besi ambayo sijamwekea mtu."

Siku hizi vinanda vimo ndani ya kompyuta. Unafungua programu, unabonyeza, unasikia kinanda ambacho hukioni wala hukishiki. Vilimone alikuwa na vitatu vya besi, na kila jioni alivipima kama mtu anayechagua mke. Kimoja kilikuwa cha bure, chepesi, sauti yake safi lakini nyembamba. Cha pili kilikuwa na besi nene ya kutandika ardhi nzima, ila kilikuwa kizito mno kwa kompyuta ile; feni ilipiga kelele na wimbo ukakwama katikati. Cha tatu kilikuwa kinanguruma, vijana walikipenda, na uzuri wake hata kwenye simu ndogo besi yake ilisikika. Hakuweza kuamua. Akaweka kile cha bure kwanza, kishike nafasi tu, ili dada apate kitu cha kuimbia. Ya maana angeichagua baadaye akishaisikia sauti.

Jumamosi mvua ilipotupa nafasi, maana bati la Kinoya likianza kupigwa huwezi kurekodi kitu, tukafanya. Vilimone alinielekeza mimi, mimi nikamwelekeza Makereta: vaa hedifoni, bonyeza hapa, imba, bonyeza tena. Kisha kaka mtu akatoka mbio. Akaja kukaa nyuma ya jiko langu, akaniamuru nimkandie kava, akafungua redio ya raga kwa sauti ya juu asije akasikia hata neno. Makereta alibaki peke yake mle ndani na kompyuta.

Alipotoka alikuwa anacheka peke yake, uso umenawiri. "Mwambie kaka nimemaliza," akasema. "Mwambie besi yake niliisikia mpaka mbavuni."

Hapo ningepaswa kushtuka, lakini mimi najua nini? Mimi ni mfagizi wa shule.

Jioni Vilimone akanipungia mkono dirishani; peke yake rekodi aliweza kuisikiliza, mwiko ni dada akiwepo. Nilimkuta ameshika kichwa. Makereta aliona hedifoni hazimpi besi ya kutosha, akazivua, akafungulia spika zote mbili, akaimba mbele yake kwa raha zake. Maiki ikabeba vyote. Sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, naapa, lakini chini yake kulikuwa na ile besi nyembamba ya kushikia nafasi, imeshavuja ndani ya sauti.

"Itoe," nikamwambia.

"Utatoaje chumvi kwenye mchuzi? Imeshaingia."

"Basi arudie. Kesho yupo."

"Nani atakaa naye amwangalie asivue tena? Mimi? Nikae chumba kimoja na dada yangu anaimba hayo mambo yenu?"

"Nitakaa mimi!"

"Na utamwambia nini? Kwamba ameharibu?" Akaniangalia kwa macho yake mekundu. "Ulimwona alivyotoka, Taito? Lini mara ya mwisho umemwona dada yangu anacheka vile? Mwache. Nitachagua kinanda kitakachoifunika."

Jumapili baada ya ibada akaanza, sauti ameishusha kwa ajili ya majirani na Mungu. Alianza na ile programu nzito. Ilipokubali kutembea, besi mbili zikakutana zikalana, mahali pa ngurumo pakabaki shimo. Akaweka ile ya kunguruma. Ikaifunika besi mbovu kweli, na Makereta akafunikwa nayo, maana sauti yake nayo inakaa chini huko huko. Akajaribu kukata sauti zote za chini za rekodi. Akamkata mke wangu kifua, akabaki anaimba kama yumo ndani ya kopo.

"Muite arudie, Vilimone. Bado jua lipo."

"Niache nifanye kazi."

"Mkaidi wewe! Kesho anakatwa shingo!"

"Niache, shemeji," akasema, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake.

Nikarudi kwangu nimekasirika. Makereta alikuwa amekaa kizingitini na gauni lake la kanisani, nywele kachana upya, anakunywa majani ya limau. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote.

Jumatatu wakamkata. Uvimbe ulitoka salama, tukamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni upepo wenye mkwaruzo. Daktari akasema tungoje, tukangoja, mvua zikapungua zikarudi tena, na mara ya mwisho tulipokwenda akasema mshipa umekufa, azoee. Kanisani akahamia benchi la nyuma, akawa anafungua kitabu cha nyimbo na kufuata kwa kidole.

Na Vilimone hakuacha. Kila jioni akitoka kwenye saruji tulimsikia upande wa pili wa ua, anaweka besi hii, anatoa, anaweka ile. Alitafuta na vinanda vingine, akaazima kompyuta ya binamu yake. Kukonda akakonda. Nilichoka mpaka kumtania nikashindwa.

Jioni moja tunakula, ikaanza tena kule, sauti ya Makereta ya zamani na ngurumo mpya chini yake. Makereta akaweka kijiko chini.

"Bado anatafuta?" akanong'ona.

"Bado."

"Ile Jumapili nilimsikia anavyohangaika. Nikajua spika ndizo zilizoharibu. Nikavaa, nikachana nywele, nikanywa majani ya limau koo lilainike. Nilikaa pale nikisubiri aniite. Ningeimba tena, Taito. Ningeimba hata mara kumi."

"Kwa nini hukuniambia? Si mimi huyu nilikuwepo?"

"Nikutume umwambie kaka yangu kazi imemshinda?"

Nilisimama nikakosa pa kwenda. Nilikasirika. Watu wawili wanapendana kiasi hicho, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumvunja mwenzake moyo, na mimi nimekaa katikati kama mpapai! Nikavuka ua, nikamwambia Vilimone neno kwa neno, sikuongeza sukari. Akaizima kompyuta. Mimi nikaondoka.

Kesho yake hakwenda kazini. Mchana, mvua ikiwa kubwa, akaja kwetu kavaa shati jeupe na sulu, ile shuka nyeusi ya heshima, amebeba mzizi wa kava aliotoka nao sokoni. Akakaa chini mlangoni kabisa, pale wanapokaa watu wadogo, akausukuma mzizi mbele yangu na kuomba radhi kwa mwenye nyumba.

"Si mimi uliyenikosea," nikasema, nikausukuma kwa Makereta.

Radhi kwetu hupokelewa kwa mdomo, hata na ndugu wasiosemeshana. Kugusa mzizi hakutoshi; lazima aseme maneno, yote, marefu, kwamba amepokea na limekwisha. Makereta akauinua mzizi kwa mikono miwili, akaanza. Ulikuwa mkwaruzo tu, unakatika, unameza maneno nusu, na bati lilikuwa linapigwa. Vilimone hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo ya baada ya hospitali. Akainamisha kichwa, akasogea kwa magoti, akatega sikio mpaka neno la mwisho, halafu akapiga makofi ya kupokea, taratibu, viganja vimekunjwa.

Tukakaa. Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Shemeji," akasema, "mwambie dada yangu sauti yake nzuri."

Nikamwambia. Makereta alikuwa amekaa hapo hapo, hatua moja, na alikuwa ameshasikia.