Bi. Sawasawa na Ile x Kigeugeu

Wanafunzi walimwita Bi. Sawasawa, kwa kuwa miaka thelathini na minne aliyofundisha hesabu hakuchoka kugonga ubao na kusema kwamba kilicho kushoto mwa alama ya sawasawa na kilicho kulia ni kitu kimoja. Alipostaafu akajiandikisha darasa la kompyuta. Siku ya tatu mkufunzi akaandika ubaoni: x = x + 1.

Bi. Sawasawa akasimama. Akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hakuna namba iliyo sawa na yenyewe jumlisha moja. Mkufunzi akaeleza kuwa x sasa hivi ni tano, mstari huu ukishapita ni sita.

"Basi hiyo ni kigeugeu," akasema Bi. Sawasawa, akakusanya madaftari yake, akaenda zake.

Bintiye kitindamimba, ambaye kuandika programu ndiyo kazi yake, aliposimuliwa hayo nyumbani alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasukuma vikombe pembeni ya meza ya jikoni, akafungua kompyuta. Akamweleza kwamba iko njia nyingine: thamani ikishapewa jina haibadiliki, na fanksheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kutoa jibu, ukiipa kitu kilekile itakupa jibu lilelile, uiite leo au mwakani, bila kugusa kingine chochote.

"Kama fanksheni zangu za shule?"

"Hizohizo, Mama."

Mwalimu akavaa miwani. Wakaandika orodha ya alama za mtihani. Akatunga fanksheni ndogo ya kuongeza tano, akaikabidhi kwa fanksheni nyingine inayoipitisha kwenye kila alama. Ikatoka orodha mpya; ya zamani ilikuwa palepale, haijaguswa. Akaunganisha na ya kuchuja waliofaulu, jibu la hii likiingia kwenye ile. Akaiendesha programu. Akaiendesha tena. Jibu lilelile. Hapo akainuka, akamshika binti kiuno, wakaizunguka meza mpaka sufuria ikaanguka.

Sasa binti hana raha kazini. Saa nne asubuhi, katikati ya kikao, simu inalia, na mama yake hata salamu hatoi. Juzi alitaka tu kumweleza kwamba ameandika fanksheni inayojiita yenyewe.

"Na inajua pa kukomea, mwanangu," alisema, akihema kama aliyepanda ngazi mbio.

Bosi akauliza kama kuna msiba. Binti akasema hapana, ni furaha tu, akatoka nje akacheke vizuri.