Kofia Kumi za Bi Ghaliya

Mama yangu mkubwa, Bi Ghaliya wa Kiponda, ana mkono mzuri wa kushona kofia na mdomo usiojua kupumzika. Kwa miaka arubaini ameshona kofia za bulibuli, zile nyeupe zinazotobolewa vijitundu kwa sindano na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kwa miaka hiyo hiyo amehakikisha hapana mtu Mji Mkongwe asiyejua nani kazishona. Akimwona mtu Darajani kavaa kofia yake, humsimamisha, akamgeuza kichwa aitazame vizuri, na salamu zikafuata baadaye. Mimi ni Wafaa, mtoto wa mdogo wake. Ninakaa naye na ninashona naye, kwa hivyo simsingizii.

Shida ilikuwa sadaka zake. Bi Ghaliya hutoa sana, lakini akitoa lazima mtaa mzima ujue. Mwaka aliopeleka mikeka msikitini tulisimuliwa habari za mikeka ile mpaka mikeka yenyewe ikachakaa. Siku moja alikuwa akimweleza mgeni, kwa mara ya sijui ngapi, jinsi alivyomnunulia mtoto wa jirani madaftari, nami nikachoka.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "sadaka zako hata paka wa Forodhani wanazijua."

Siku mbili hakunisemesha ila pale alipotaka chumvi. Siku ya tatu, tumekaa na sindano zetu, akaniambia kuwa nimemuumiza kwa sababu nimesema kweli. Kabla hajafa, akasema, atatoa sadaka moja ambayo hapana atakayeijua. Moja tu, nisimdai ya pili. Nilicheka kimoyomoyo, maana nilijua hawezi.

Wiki hiyo hiyo akaja Bi Mazal. Ni Myahudi, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Aden, na sasa anakaa Fumba kwenye zile nyumba mpya. Wayahudi wa huku ni familia chache tu, alitueleza, lakini wana jumuiya yao. Kila Jumapili husomesha watoto wao dini na herufi zao, hulipa ada ya skuli kwa mtoto ambaye wazazi wake wamekwama, na kabla ya Pasaka yao huwapelekea wazee chakula. Mwalimu wao alikuwa karibu kuondoka kwa kukosa mshahara wa uhakika. Wakipatikana wafadhili kumi, atabaki mwaka mzima. Kwa hivyo wangeandaa karamu, na kila atakayekubali kulisaidia darasa apewe kofia. Bi Mazal alitaka kofia kumi, na muda ulikuwepo wa miezi mitano. Akatoa duara la karatasi, kiasi cha kisosi, akasema kofia ziwe kiasi hicho.

Kwetu, mteja akileta duara ameleta kipimo cha sehemu ya juu tu. Ukuta wa kofia, ule unaoshuka mpaka kwenye paji la uso, hautajwi kwa sababu kila mtu anaujua. Bi Mazal akataja bei, na bei yenyewe ilitosha kitambaa, uzi na chai kidogo. Nikamtazama Mama mkubwa nikingoja radi ipige. Akasema inshallah zitakuwa tayari, basi.

Mgeni alipotoka nikamuuliza kama ana homa. Akanijibu kuwa watu wanaohangaika na watoto na wazee hawana pesa za kofia kamili, na yule mwanamke kaona haya kusema. Yeye atazishona kamili, kazi ya juu kabisa, na pengo la bei liwe sadaka yake. Hiyo ndiyo ile moja. Nikiitaja popote, nitafute pa kulala.

Tulishona miezi mitano, yeye, mimi na majirani wawili ambao hawakuambiwa kitu. Kwa Bi Ghaliya ilikuwa miezi ya mateso. Watu waliingia, wakaona kazi ile, wakauliza ni za nani na kwa kiasi gani. Akafungua mdomo, kisha akaanza kukohoa. Jirani mmoja akamletea tangawizi na asali. Nilianza kumwonea huruma, na kumheshimu pia, ingawa sikumwambia.

Siku tatu kabla ya karamu Bi Mazal akaja kuzichukua. Alifungua mfuko, akatoa kofia moja, akaigeuza, akaipima kwa kiganja. Tukadhani haikumpendeza. Kumbe kofia za kwao ni ndogo, hukaa utosini tu, na lile duara lilikuwa kofia nzima. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kofia hizo ndogo, wala hakuwa ameona haya kusema kitu. Akasema hizi zina thamani mara nne ya bei yake, na hawezi kuzichukua bila ya kulipa. Lakini akilipa, fedha za karamu zitakwisha.

Bi Ghaliya hakutaka kusikia habari ya malipo. Alichouliza ni kama kwao kofia kubwa ni dhambi. Bi Mazal akacheka, akasema babu yake kule Aden alikuwa na kofia iliyomfika masikioni.

"Basi zichukue," Mama mkubwa akamwambia. "Nshazitoa, na kitu nikishakitoa sikirudishi."

Bi Mazal alimshika mikono yote miwili. Akaomba angalau siku ya karamu amtaje mbele ya wageni, awaambie nani kawafanyia wema huu. Nilimtazama Mama mkubwa usoni. Kutajwa mbele ya watu wazima walioshiba ndicho kitu alichokitamani maisha yake yote.

"Jina langu usilitaje," akasema. Halafu akaongeza haraka kuwa hata hivyo karamuni atakuja, kutazama tu.

Jumapili mchana tukawa Fumba. Paliandaliwa wali na samaki wa magamba. Pweza na kamba kwa dini yao hawali, jambo lililomsikitisha sana Bi Ghaliya, watu kukaa Unguja na kunyimwa pweza. Tulikaa pembeni karibu na mlango. Bi Mazal alisimama akaeleza habari za darasa na za mwalimu, akasema kofia ni zawadi ya mtu asiyependa kutajwa. Watu wakajitokeza mmoja mmoja. Nikahesabu tisa.

Ya kumi aliishika Bwana Nissim, mfanyabiashara wa karafuu, mzee mwenye sauti. Aliigeuza huku na huku, akamwambia jirani yake kuwa ni nzuri, lakini vitu hivi siku hizi vinatoka viwandani, mashine inashona mia kwa siku. Akairudisha mezani.

Nilinyoosha mkono nimshike Mama mkubwa, nikachelewa. Alikwishafika. Aliichukua ile kofia, akampa salamu mzee yule, akaipindua ndani nje. Akamwambia apitishe ukucha kwenye vijitundu, mbele kisha nyuma, aone kama kuna tofauti. Mashine, akamweleza, huacha mafundo nyuma, na hapa hapana fundo hata moja. Mstari huu mmoja ni kazi ya siku tatu. Bwana Nissim akavaa miwani, akapitisha ukucha, akapitisha tena. Akaomba radhi. Akaivaa kofia, ikamkaa sawasawa, na akamwita Bi Mazal aandike jina lake.

Darasa likawa limepata mwalimu wa mwaka mzima. Watoto waliokuwa wamekaa mkekani wakapiga makofi, nami machozi yalinitoka kwa furaha, siyaonei haya. Lakini Bwana Nissim hakuwa amemaliza.

"Bi mkubwa," akauliza, na meza nzima ikageuka kusikiliza, "inaonesha unamjua aliyezishona."

Nilifumba macho. Nikamsikia Bi Ghaliya anakohoa.

"Namjua," akasema. "Ana maneno mengi, atakuchosha. Lakini Unguja nzima hapana mkono kama ule."