Nsimire Alikataa Nionje Kwanza

Wifi yangu Nyirabagenzi alisimama mbele ya watu, siku ya kumaliza kilio cha mume wangu, akasema nimemuua kwa sumu. Hakuzunguka. Alisema: "Kaka yangu alikula kwa mkono wa huyu, na mkono wa huyu ndio umemzika." Wiki tatu kabla ya hapo, mimi na yeye tulikuwa tumesimama mbele ya daktari, akatueleza kwa Kinyarwanda chepesi kwamba ini la mume wangu Vénuste limeharibika siku nyingi, na maji yaliyojaa tumboni yametoka huko. Nyirabagenzi alisikia kama nilivyosikia mimi. Aliuliza hata habari ya dawa. Halafu akaenda kusema sumu.

Sikusoma shule. Haya nayasema, na binti yangu Mutoni anayaandika. Kilio changu nitakiacha hapo. Nataka kumsimulia Nsimire, mwanamke wa kubeba mizigo mpakani, ambaye hakuna atakayemwandika mahali popote kama mimi sitafanya hivyo. Lakini huwezi kujua alinifanyia nini mpaka ujue nilikuwa nimewekwa wapi.

Muganza, karibu na kiwanda cha saruji, nilikuwa na kibanda cha chakula. Kwa miaka kumi na mmoja niliwapikia wafanyakazi wa zamu na madereva wa malori: ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, maharage na ndizi. Siku ya kwanza baada ya maneno yale walikuja watu wanne. Siku ya pili alikuja mmoja, akaagiza chai, akaitazama, akaondoka. Siku ya tatu sombe yangu niliimwaga mwenyewe.

Kwetu neno sumu halingoji shahidi. Mtu akikupa kinywaji, hukifungua mbele ya macho yako. Akikupa chakula, huonja kijiko kimoja kwanza, ndipo akusogezee sahani. Ni adabu, watu hufanya bila kufikiri, kama kusema karibu. Lakini ukishatajwa, hata ukionja sufuria nzima hakuna atakayekufuata.

Nikahamia Kamembe na Mutoni, nikauza vitu vibichi sokoni: majani ya muhogo, nyanya chungu, mchicha tunaouita lengalenga, ndizi kutoka Gashonga. Kitu kibichi watu hununua kwa yeyote. Watakiosha wenyewe na kukipika wenyewe.

Pale sokoni, saa kumi jioni, kabla ya kufunga mizigo, wanawake huulizana swali moja: leo mnapika nini? Huyu ana viazi na hana mafuta, yule ana mafuta na watoto wamekataa maharage. Kila mmoja hutoa alichonacho kichwani. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Nilikuwa najua majibu yote na sikufungua kinywa.

Nsimire alikuwa anapita hapo kila siku. Alizaliwa Walungu, ng'ambo ya mpaka, akapanga chumba upande wetu, Gihundwe, baada ya mumewe Mukengere kwenda kwenye machimbo na kusahau njia ya kurudi. Asubuhi alivuka daraja na beseni la nyanya na vitunguu kichwani, mchana alirudi na bidoni, dumu la mawese. Ni mfupi, shingo yake nene kama ya mwanamume, na kicheko chake hutoka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Watoto wake ni wanne. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, hakuna aliyemfundisha jiko. Mwanamke aliyebeba nyanya maisha yake yote, na mchuzi wake wa nyanya ulikuwa unaungua.

Siku moja aliweka beseni chini mbele yangu.

"Maman Mutoni, weye unakaaka kimya kila siku. Leo unapika nini?"

"Maharage," nikasema.

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Basi unisaidie. Miye niko na maharagi ya jana, ndizi tano, na batoto bane. Batoto bangu bakiona sufuria banaanza kusali."

Wenzake walicheka. Nami, bila kupanga, nikamwambia. Kaanga kitunguu kwa mawese mpaka kinukie, usingoje kiwe cheusi. Tia nyanya chungu mbili ulizozikata nne nne. Menya ndizi ukiwa umejipaka mafuta mikononi ili utomvu usikushike, uzipange juu. Mimina maharage ya jana pamoja na maji yake. Yale maji ndiyo mchuzi wenyewe, wengi huyamwaga. Funika, punguza moto, usikoroge. Mchuzi ukianza kushika kijiko, toa.

Kesho yake alipiga kelele tangu mbali, beseni kichwani. "Bamekula! Mukubwa wangu Elikia ameniuliza kama kuna mugeni alikuja kupika."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi saa kumi. Mama Ridhwani, mke wa fundi cherehani, aliyeuza vitenge meza ya pili kutoka kwangu, naye akaanza kuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa na yake mazuri. Ndiye aliyenifundisha pilau ya siku isiyo na nyama: unakaanga sambaza, dagaa wakavu wa ziwani, mpaka wagonge sufuria, unawatoa, unapika mchele kwa mafuta yale yale na kitunguu na bizari, na sambaza unawarudisha mwishoni ili wasilainike. Mimi nikampa sombe yangu, ile ya Muganza, yenye karanga zilizosagwa na nyanya chungu moja tu. Ukitia mbili inakuwa dawa.

Nsimire akiwa mbali alituma sauti kwenye simu ya Mutoni. Kwangu mimi nisiyejua kusoma, ile ilikuwa shule. "Maman Mutoni, niko kwa barrière ya mupaka, msururu ni mrefu, nitafika nimechelewa. Niko na lengalenga na viazi. Sema haraka." Nami nilisema haraka. Jioni, nyumba tatu nne za Kamembe zilinukia mapishi yangu. Mapishi yaliingia mahali ambapo sahani yangu isingeingia, na nilijua hivyo, na bado nililala vizuri kuliko zamani.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa na Mama Ridhwani. "Unajua wanasema nini juu yangu?"

"Kamembe yote inajua."

"Na huogopi kukaa nami?"

Nsimire akatazama meza ya vitenge. "Kama weye unajua sumu, mbona panya banakula vitenge vya Mama Ridhwani kila siku na weye uko jirani? Ungemusaidia kidogo."

Mama Ridhwani alifunika kinywa kwa mtandio, mabega yakamtikisika. "Astaghafiru, Nsimire, utaniua wewe." Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kuchekwa mbele yangu. Lilikuwa limenikalia kifuani kama jiwe la kusagia, na yule mwanamke akalipiga teke.

Lakini ukweli niuseme: hata wao hawakuwa wamekula kwenye sufuria yangu. Sikuwapikia, wala hawakuomba. Nsimire aliniletea bakuli mara moja, sombe aliyoipika kwa maneno yangu. Akachota kijiko, akaonja mbele yangu kama anavyoonjewa mgeni wa heshima, ndipo akanipa. Ilikuwa nzuri. Niliirudisha bakuli ikiwa na nyanya mbichi ndani, kwa sababu bakuli ya mtu hairudi tupu, na kitu kilichopikwa sikuthubutu kukitia.

Halafu Nsimire akaugua. Uvimbe kwenye kizazi, wakampasua. Hospitalini mgonjwa hula kinacholetwa na watu wake, na watu wake walikuwa ng'ambo ya daraja, watoto wake wadogo. Mama Ridhwani akagawa siku. Jumatatu yeye, Jumanne muuza mchele, Jumatano muuza samaki, Alhamisi yeye tena. Alifika mwisho wa wiki na jina langu halikutajwa. Nikasema nitafua nguo.

"Usinione vibaya, dada," akaniambia tulipobaki wawili. "Mimi sina neno nawe. Ni ile wodi. Watu wengi, midomo mingi."

"Nguo zinatosha," nikasema. Hazikutosha.

Jumatano jioni ikaja sauti kwenye simu, dhaifu, lakini yake. "Kesho ni siku ya Maman Mutoni. Nimechoka na bupishi ya benye kuchoma. Aniletee ndizi na samaki, bila mawese, docteur amekataza."

Nilipika kama mtu anayepika kwa ajili ya maisha yake. Ndizi laini, nimezichemsha kwenye supu ya sambaza wabichi niliowatoa vichwa mmoja mmoja, kitunguu kidogo, chumvi kidogo kuliko kidogo. Nikafunga sufuria kwa kitenge. Mama Ridhwani alinisindikiza. Nadhani aliogopa nitarudi njiani.

Wodi ilikuwa na vitanda nane. Kwenye kitanda cha tatu alilala msichana aliyepasuliwa kujifungua, mtoto ubavuni, na pembeni yake, kwenye kiti, ameketi Nyirabagenzi. Msichana yule ni Larissa, binti yake. Nyirabagenzi aliniona, akaona sufuria. Akamwinamia mama wa kitanda cha nne, akasema kitu, na yule mama akanitazama mikono.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Nsimire alitaka zamu ya Alhamisi iwe yangu. Alikuwa amelala siku tatu akimsikiliza wifi yangu akinitangaza kwa sumu.

Nilifungua sufuria kwenye meza ndogo. Wodi nzima ikageuka kututazama. Nilijua kama Nsimire atasita hata kidogo, kama atageuza tu shingo, nimekwisha Kamembe kama nilivyokwisha Muganza, na hakuna soko lingine la kukimbilia. Nikachota kijiko nionje, niwaonyeshe wote. Nsimire akanishika mkono.

"Acha. Nipe."

"Ngoja nionje kwanza."

"Wa kuonjewa ni mugeni. Miye ni mugeni wako?" Hakupunguza sauti. "Mwaka mzima ninakula bupishi yako, Maman Mutoni. Mukono tu ndio ulikuwa wangu."

Akachukua kijiko mkononi mwangu, akala. Akala cha pili na cha tatu. Halafu akaacha, akafumba macho, akaweka mkono juu ya kidonda. Nilisikia kiti cha Nyirabagenzi kikisogea.

"Iko na shida moja," akasema Nsimire.

Yule mama wa kitanda cha nne akajiinua kitandani.

"Chumvi. Umeninyima chumvi kama Mukengere alivyoninyima habari zake." Akaanza kucheka, akaumia, akajishika tumbo. "Musinichekeshe, nyuzi zitakatika," akatuambia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesema kitu.

Mama Ridhwani alichukua kijiko kingine kwenye kikapu chake, akasema bismillahi, akala akiwa amesimama. Kisha bibi wa kitanda cha sita, ambaye hakuletewa kitu siku ile, akanyoosha kikombe chake. Nikamtilia. Naye hakuningoja nionje.

Nyirabagenzi alichukua kidumu akatoka, akasema anaenda kuchota maji. Kidumu kilikuwa kimejaa. Alipotoka, Larissa, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa hana meno, akaniambia polepole: "Na mimi, Maman. Mtoto anavuta maziwa na sina kitu." Nikampa bakuli. Alikula akitazama mlango, akamaliza. Mama yake aliporudi alikuta bakuli tupu juu ya shuka. Aliiangalia. Akaitwaa, akaiosha, akaiweka kwenye meza ya Nsimire bila kunitazama, na bila kitu ndani.

Sasa Nsimire amepona. Amekatazwa beseni, kwa hiyo mawese huyaleta Elikia, na yeye anauza akiwa amekaa, analalamika kwamba makalio yanamuuma kuliko shingo ilivyomuuma. Karibu na meza yangu nimeweka jiko. Nauza sombe iliyopikwa, na saa saba huwa nimefika chini ya sufuria. Saa kumi bado tunaulizana, leo mnapika nini, na sasa bakuli zinatembea zenyewe kati ya nyumba zetu, zikiwa na kitu ndani kwenda na kurudi. Nsimire bado anaunguza kitunguu. Nimeacha kumwambia. Kila nikimwona anapita na bakuli yake yenye harufu ya moshi, namshukuru Mungu kwanza, kisha namshukuru yeye, na wakati mwingine mpangilio unageuka. Nilimwambia hilo. Akasema nisimuingize kwenye ugomvi na Mungu, ana batoto.

Mama Ridhwani hanidai wala simdai. Bibi wa kitanda cha sita alinitumia mayai matatu. Larissa ni mtoto, alikula alivyoweza.

Deni limebaki kwa Nyirabagenzi. Sitaki aje kwangu kwa siri, wala anisalimie sokoni kama mtu aliyesahau. Ananidai nimsamehe, nimesikia ametuma watu kusema hivyo. Mimi namdai kijiko kimoja. Aje Muganza, nitapika pale pale palipokuwa na kibanda changu, waitwe walewale waliosikia siku ya kumaliza kilio, naye ale mbele yao na kusema daktari alituambia nini. Kama mgeni, nitamwonjea kwanza. Bado hajaja.