Mtu wa Kukaa kwenye Plagi

Aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: sanduku la umeme la leza halifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja afungue, mwingine akae kwenye plagi, tayari kuichomoa. Ndani mna kapasita zinazobaki na umeme hata mashine ikizimwa, na zikikushika huwezi hata kuita.

Sharti zuri, ila mtu wa pili sikuwa naye. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, na fundi mwenzangu alikuwa ameiacha hospitali yetu ya Kyela, upande wa Mwaya, akaenda kuuza redio na mitumba mpakani. Aliniaga kwa kunicheka kwamba nimeoa mashine. Mimi mtu wa Tanga, Kinyakyusa changu kiliishia kwenye salamu. Jioni nilipika wali wa mtu mmoja, nikaula nimesimama. Nilikuwa mpweke, na sikutaka mtu anipe pole.

Masika hayo leza ya macho iligoma. Mita ilionyesha kapasita zimejaa, lakini taa ya ndani, ile inayomulika ghafla ili kuzaa mwale, haikuwaka. Daktari wa macho aliyetujia kutoka Mbeya alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Kwenye benchi alibaki bibi mmoja, mfinyanzi wa Kikisi aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Lyulilo. Alishatolewa mtoto wa jicho, kisha utando ukamrudia, na leza ndiyo ingeuchana. Vyungu vyake alikuwa akivijua kwa vidole tu. Mashine ikinishinda, angerudi na ukungu wake.

Wauguzi hawakutaka hata kulisogelea lile sanduku. Nikamwendea yule bibi.

"Bibi, naomba ushike waya huu wa plagi. Uniulize mara kwa mara kama nipo. Nisipojibu, vuta."

"Nivute kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zako zote."

"Basi ujibu upesi, mwanangu. Mimi sina subira."

Nikafungua sanduku, nikafunga mapazia, nikabonyeza swichi. Gizani nikaona cheche ya zambarau ikitambaa kutoka kwenye waya wa kuwashia taa mpaka kwenye bati la sanduku. Umeme ulikuwa unatorokea njiani. Wauguzi walikuwa wameifunika mashine kwa nailoni isinyeshewe, na unyevu wa Kyela ukafungiwa humo pamoja na vumbi.

"Upo?"

"Nipo."

Nikamwambia achomoe. Nikamwaga umeme wa kapasita kwa fimbo yenye waya wa ardhini, nikapima, nikapima tena. Nikapangusa kwa spiriti, nikakausha kwa feni, kisha nikauvika ule waya kipande cha mrija wa dripu.

"Upo?"

"Nipo, bibi. Plagi imeshatoka, unaweza kupumzika."

"Hukuniambia niache kuuliza."

Akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu, na nakiri kwamba nilipangusa taratibu kuliko ilivyohitajika. Tangu nihamie huko hakuna aliyewahi kutaka kujua kama nipo.

Plagi ikarudi, nikabonyeza, taa ikamulika. Daktari akaitwa, na kazi yake ilikwisha kabla chai yake haijapoa. Bibi alipotoka alinitazama kuanzia miguuni.

"Kumbe u mwembamba hivyo. Sauti yako ya mtu mnene. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

Akatikisa kichwa. "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru, akashika njia ya ziwani akitazama kila alichokipita. Hakushikwa mkono. Jicho lilikuwa limepona, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kurudi, na hakurudi.

Masika yaliyofuata nililifungua tena lile sanduku kulikagua, bila mtu kwenye plagi. Niliichomoa mwenyewe, nikamwaga, nikapima. Nikiwa napangusa nikasikia sauti yangu ikisema, "Nipo."

Nikaendelea kupangusa taratibu, nikisubiri bibi aulize tena.