Nyapara Wetu Kasimama Upande wa Kampuni

Leo nimemnyima mtu mzima shikamoo, na sijutii.

Wengi mnamjua Ndahani, nyapara wa genge letu la reli pale Zuzu. Kampuni yetu ilipounganishwa na nyingine, haukupita muda sisi tukaachishwa kazi, yeye akabaki. Tukasema sawa, riziki yake.

Leo tumekwenda mbele ya mwamuzi kudai turudishwe kazini. Anaitwa shahidi wa kampuni, nageuka, anayesimama ni yeye. Na shati kapiga pasi.

Akaapa. Akasema wote tuliajiriwa upya kampuni zilipoungana, kwa hiyo utumishi wetu wa zamani hautulindi.

Wakili wetu akamuuliza taratibu, "Na wewe uliajiriwa upya?"

Akanyoosha kola ya shati lake.

"Mimi utumishi wangu ulihamishwa."

Mwamuzi akainua macho, kisha akaandika.

Sasa oneni jeuri ya huyu mtu. Tuko nje, anatujia anacheka, anapaza sauti kama alivyokuwa akituita tunaponyanyua reli: "Wanangu, tupo?"

Miaka yote hiyo tuliitikia "Tupo" kwa pamoja, na chuma kikapanda.

Leo hakuna aliyefungua mdomo. Akaita tena. Mzee Chibago wa genge letu, ambaye hajawahi kumkalia kimya hata adui, akampa mgongo.

Sasa kuna watu wananiambia tumekosa adabu. Semeni na ninyi.

Ila mwenyewe ndiye aliyetufundisha kazini: kabla hujaitikia, angalia kwanza kama anayeita naye ameshika chuma.