Barua ya Consolata

Marafiki, miaka yote hii nimewaficha namna nilivyompata mke wangu.

Leo mjukuu wangu amenipeleka tena kwa mwanasaikolojia. Tangu nimzike Consolata silali, na daktari wa moyo ameshaacha kunipa ahadi.

Safari hii nilikwenda na barua ya zamani mfukoni.

"Muzee, nisomee," akasema yule binti mwanasaikolojia.

"Apana. Soma mwenyewe."

"Mi sikuandikiwa."

Hata mimi sikuandikiwa! (Chekeni tu.)

Miaka ile ya uhuru, hapa Ngagara, mimi ndiye niliyewasomea majirani barua zao. Consolata hakujua kusoma. Mchumba wake alipomwandikia kutoka Bukavu, aliniletea barua, akaketi, akangoja.

Nikasoma: "Usinisubiri. Nimeoa huku."

Alilia. Barua nikabaki nayo. Mwaka uliofuata nikamwoa.

Nilidhani kwa mwanasaikolojia mtu hupewa dawa. Kumbe husikilizwa mpaka ajisikie mwenyewe. Leo nimeisoma kwa sauti, kama ilivyoandikwa.

Ninyi mngemwambia? Mimi sikumwambia hadi anazikwa.

Barua inasema: "Nyumba nimepata. Njoo. Nitakungoja kituo cha basi kila Jumamosi."