Kanda ya Baba na Spika za Felix

Mpaka leo nikipita karibu na duka la Felix nikasikia anavyowapigia wapita njia muziki, damu hunichemka. Mama yangu, Fatuma, huniambia nimsamehe. Mimi bado.

Mama anauza vitambaa hapa Eldoret, mwaka wa thelathini sasa. Dukani kwake ana sheria moja: mteja hanunui kitambaa kabla hajakitoa mlangoni akakitazama juani. Hata mwenye haraka humshika mkono. "Taa ya duka inadanganya," humwambia. "Toka nje uone rangi yenyewe." Amepoteza wateja kwa tabia hiyo, wala hajali.

Baba, Khalid, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Hakujua kuandika na Mama hajui kusoma, kwa hiyo barua zao zilikuwa kanda. Baba alizungumza Kisomali kwenye kinasa sauti, akampa dereva anayerudi nyumbani. Mama alijibu upande wa pili. Jamaa zetu wengi waliandikiana hivyo. Baba alifia safarini nikiwa na miaka minne. Mwaka huu, mwezi wa tatu, dereva mwenzake, Mzee Abdirahman, alipokuwa akihama nyumba, alikuta kanda chini ya sanduku lake. Baba alimpa ailete, naye akaisahau. Miaka ishirini na mitano! Alilia akimkabidhi Mama.

Shida ilikuwa masikio ya Mama. La kulia lilikufa zamani, na la kushoto daktari alisema halitafika mwisho wa mwaka. Muigai, fundi wa mtaa wa Huruma, aliihamisha kanda kwenye flashi, lakini simu ilimpa Mama mvumo mtupu. Nikamwambia nisikilize mimi, kisha nimweleze. Alikataa katakata.

"Maneno ya Khalid nitayasikia mwenyewe, Sabrina. Nitafutie redio kubwa, yenye sauti safi."

Tukaanza kuzunguka madukani. La kwanza, spika zilielekezwa barabarani, na kijana akafungulia besi mpaka vioo vikatetemeka. Mama akaomba asikie mtu akiongea tu. "Mama, hii ni ya party, si ya mahubiri," akajibiwa. La pili walikataa flashi yetu eti ina virusi. Nilitoka hapo nikitukana chini kwa chini.

La tatu lilikuwa la Felix. Alitukaribisha kwa kicheko, akachomeka flashi kwenye seti ya mbao iliyokuwa kwenye kaunta. Mama akainamisha sikio. Ikatoka sauti ya mwanamume, safi kabisa: "Fatuma, hii isikilize ukiwa peke yako."

Mama akaichomoa flashi kwa mkono wake mwenyewe. Duka lilikuwa na watu sita. Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Nimemsikia!" akaniambia. "Tuichukue, twende nyumbani."

Felix akatoa katoni iliyofungwa kutoka stoo. Picha ya juu ilikuwa ya seti ileile. Mama, asiyeuza kitambaa bila kukipeleka juani, hakuuliza kilichomo. Mimi pia sikuuliza, na hilo ninajilaumu.

Nyumbani nilimwachia chumba. Haukupita muda akafungua mlango. "Anaongea ndani ya pipa," akasema. Nikajaribu taarifa ya habari: mtangazaji naye alinguruma tu, neno halishikiki.

Kesho yake tulirudi. Felix hakuona kosa lolote. "Lakini si inalia? Redio ikilia iko sawa."

"Tulisikiliza ile ya kaunta," nikamwambia. "Tupe ileile."

"Hiyo ni ya display, madam. Haiuzwi."

Mama akasogea. "Basi, mwanangu, watu watoke nje dakika kumi, nisikilize hapa peke yangu."

Felix akawageukia wateja ili nao wapate cha kuchekea. "Nifunge duka juu ya kaseti, Mama?" Wakacheka kweli, watu wazima na akili zao. Nilitamani nimpige na ile katoni.

Akasema mwenye duka ndiye wa kuamua, turudi Jumatatu; na pesa zetu zote zilikuwa zimebaki kwake. Jumatatu mwenye duka yuko Nairobi. Jumatatu nyingine amerudi lakini ametoka kidogo. Tulienda Jumatatu sita, na kila mara Mama alivaa vizuri, flashi ameifunga kwenye pindo la leso. Kisha baridi ya Julai ikamletea homa. Alilala siku tano. Homa ilipoondoka, iliondoka na sikio.

Jumatatu ya saba nilienda peke yangu, nikapiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni. Felix akaing'oa seti kwenye kaunta, akanisukumia. "Si uchukue tu, madam! Mbona makasiriko?"

Ilimchukua dakika moja. Dakika moja, na alikuwa nayo tangu siku ya kwanza!

Seti iko chumbani kwa Mama, inafutwa vumbi kila asubuhi. Kumwandikia maneno siwezi, hasomi. Kumwambia siwezi, hasikii. Juzi nilimwonyesha flashi, nikagusa sikio langu, nikauliza kwa macho kama angalau mimi niisikilize. Aliichukua, akaifunga tena kwenye leso.

"Alisema peke yangu," akajibu, kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia.